Bega la Mchezaji: Lini Ujikaze, Lini Uende Hospitali

Na Mwanafunzi wa Kidato cha 3

Mpenzi msomaji, ikiwa ni bega linalokusumbua, basi makala haya ni yako.

Nia yangu si kukufanya daktari. Madaktari wapo, na walisoma miaka mingi. Ninachotaka ni tujifunze jambo moja tu: kutofautisha maumivu ya bega yanayotaka mapumziko na yale yanayotaka hospitali. Wengi wetu hatujui tofauti hiyo. Mchezaji akilalamika uwanjani huambiwa, "Jikaza kisabuni!" Naye hujikaza. Lakini je, umewahi kuutazama mwisho wa sabuni? Hujikaza, hujikaza, hadi ikaishia kwenye karai.

Katika shule yetu ya kutwa hatuna wachezaji wa kulipwa. Tunacheza kwa kupenda, saa kumi jioni, kabla ya kukimbilia nyumbani. Tunacheza voliboli, mpira wa mikono, mpira wa pete na raga. Wengine wanarusha mkuki, kisahani na tufe. Kandanda huumiza magoti na vifundo vya miguu, lakini michezo niliyoitaja yote humtegemea mtumishi mmoja, naye ni bega. Kwa hivyo tuanze kwa kumfahamu mtumishi huyu.

1. BEGA LIMEUNDWAJE?

Bega si mfupa mmoja. Ni mahali ambapo mifupa mitatu hukutana. Wa kwanza ni mtulinga, ule mfupa mwembamba unaoupapasa chini ya shingo, kutoka kifuani hadi begani. Wa pili ni kombe la mkono, mfupa mpana kama jembe ulioko mgongoni upande wa juu. Wa tatu ni mfupa wa mkono wa juu, ambao mwisho wake ni kichwa cha mviringo. Kichwa hicho hukaa katika kikombe kidogo kilicho pembeni mwa kombe.

Ukitaka kuelewa vizuri, fanya jaribio hili nyumbani. Chukua limau, uliweke juu ya kifuniko cha chupa ya soda. Limau litakaa, lakini ukiligusa kidogo tu linabingirika. Hivyo ndivyo bega lilivyo. Kichwa cha mfupa ni kikubwa kuliko kikombe chake kwa mara tatu hadi nne hivi. Sasa linganisha na nyonga. Nyonga ni kama mchi ndani ya kinu: imetulia, imeshikwa pande zote. Kwa sababu hiyo mguu hauwezi kuzunguka kama mkono, lakini pia hauchomoki ovyo. Bega lilipewa uhuru wa kuzunguka kila upande, nalo likaulipia uhuru huo kwa kukosa uthabiti.

Ni nini basi kinacholizuia limau lisianguke? Kwanza kuna ukingo wa gegedu unaokiongezea kikombe kina. Pili kuna mishipi migumu inayofunga mfupa kwa mfupa. Tatu, na hili ndilo la kukumbuka zaidi, kuna misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe na kukizunguka kile kichwa cha mfupa. Mwisho wa kila msuli ni kano, yaani kamba ngumu inayoushika mfupa. Ile misuli mikubwa ya kifua na ya bega, ambayo vijana hupenda kuitunisha mbele ya kioo, ndiyo inayotoa nguvu ya kupiga. Misuli hii minne midogo hakuna anayeiona wala kuisifu, lakini kazi yake ni kukishikilia kichwa kikombeni wakati wale wakubwa wanavuta. Wadogo wakichoka, wakubwa huling'oa limau.

2. KWA NINI LINAUMA?

Tuchukue mfano wa voliboli. Wavu wa wanaume huwekwa mita 2.43 kutoka ardhini, na wa wanawake mita 2.24. Anayepiga smashi lazima mkono wake uwe juu ya kichwa, uende nyuma, kisha uje mbele kwa kasi. Tuseme mchezaji anapiga smashi 60 kila jioni, siku tano kwa wiki. Hizo ni smashi 300 kwa wiki, bila kuhesabu mipira ya kuanzisha. Kila mara zile kano hukwaruzwa na kuvutwa kidogo. Zikipewa muda hujitengeneza zenyewe usiku. Zisipopewa, uharibifu wa leo huongezwa juu ya ule wa jana.

Maumivu ya bega kwa wachezaji kama sisi huja kwa njia hizi:

(a) Uchovu wa misuli. Huu humpata aliyefanya zoezi asilolizoea, kwa mfano wiki ya kwanza baada ya likizo. Hauanzi pale pale uwanjani. Huanza saa kadhaa baadaye au kesho yake, huzidi siku ya pili, kisha hupungua wenyewe ndani ya siku chache. Bega lote huwa zito na lina uchungu ukilibonyeza, lakini mkono unainuka hadi juu. Huu ndio uchungu wa kujikaza nao.

(b) Kano kuchoka na kuumia. Maumivu haya huja polepole, huwezi hata kusema yalianza siku gani. Husikika upande wa nje wa mkono wa juu. Ukiinua mkono kwa pembeni, mwanzo ni sawa, ukifika usawa wa bega unachomwa, ukipita hapo huenda ukapata nafuu. Kuvaa sweta ni shida, kuchana nywele ni shida, na usiku huwezi kulalia upande ule.

(c) Kuteguka. Kichwa cha mfupa hutoka kikombeni, mara nyingi kwa upande wa mbele. Hutokea mchezaji wa raga anapomkaba mwenzake mkono ukiwa umenyooshwa, au mtu anapoanguka na kujizuia kwa mkono. Maumivu ni makali mno, na bega hupoteza umbo lake la mviringo. Viungo vikubwa vya mwili ni vingi, lakini hakuna kinachoteguka mara nyingi kama bega.

(d) Kuvunjika kwa mtulinga, au mtulinga kuachana na kombe. Huja kwa kuangukia ncha ya bega. Wachezaji wa raga wanaujua, na walioanguka na bodaboda vilevile.

(e) Kuumia kwa sehemu ya ukuaji. Hili ni letu sisi vijana, na watu wazima husahau kutuambia. Karibu na kichwa cha mfupa wa mkono kuna tabaka laini ambalo huurefusha mfupa tunapokua. Tabaka hilo halijawa mfupa kamili mpaka mwishoni mwa ujana. Kijana akirusha au kupiga mpira kupita kiasi, tabaka hilo huweza kuumia kabla hata ya kano. Dalili yake ni bega kuuma kila anaporusha, na kutulia anapoacha. Tiba yake kubwa ni kuacha kurusha kwa muda, mara nyingi miezi mitatu hivi.

(f) Maumivu ya ugeni. Wakati mwingine bega linauma na lenyewe halina kosa lolote. Ugonjwa uko shingoni, tumboni au hata moyoni. Hili nitalieleza hapa chini.

3. KADI TATU ZA REFA

Mwili wako ni refa. Hupuliza kipenga na huonyesha kadi. Mchezaji mwenye akili haendi kubishana na refa. Hebu tuzisome kadi hizo.

KADI NYEKUNDU: toka uwanjani, nenda hospitali leo hii. Usingoje kesho, usingoje mwisho wa mechi.

- Bega limebadilika umbo, au mfupa umetokeza mahali usipotakiwa.
- Umeanguka au umegongwa, na sasa huwezi kabisa kuuinua mkono.
- Mkono au vidole vimekufa ganzi, vimepoa, au vimebadilika rangi.
- Bega limevimba, lina joto ukiligusa, na una homa. Huenda usaha umeingia katika kiungo, na usaha huharibu gegedu upesi.
- Umepigwa kumbo la tumbo au mbavu, halafu bega, hasa la kushoto, linauma ingawa halikuguswa.
- Maumivu ya bega au mkono yamefuatana na kifua kubana, pumzi kukatika na jasho jembamba. Hii ni zaidi kwa walimu na wazazi wetu wanaocheza mechi ya mwisho wa muhula, maana yaweza kuwa moyo.

Msomaji atashangaa: tumbo lipigwe, bega liume? Naam. Chini ya mbavu za kushoto kuna wengu, ambao wengine huuita bandama. Wengu ukipasuka damu huvuja ndani, ikagusa kiwambo, yaani ule ukuta wa msuli kati ya kifua na tumbo. Neva ya kiwambo hutokea shingoni, mahali pamoja na neva zinazohudumia ngozi ya bega. Ubongo unapopokea habari hudhani zimetoka begani. Ni kama barua iliyofikishwa kwa jirani. Mchezaji wa namna hii anaweza kuonekana mzima, akataka hata kurudi uwanjani, kumbe damu inamwishia ndani. Likumbuke hili hata kama utayasahau mengine yote.

KADI YA MANJANO: acha kurusha na kupiga, umwone tabibu ndani ya siku chache.

- Umepumzisha bega kwa wiki mbili na hakuna nafuu.
- Maumivu yanakuamsha usiku.
- Mkono umeishiwa nguvu. Kikombe cha chai kinatetemeka, au ubao huwezi kuufuta.
- Bega linacheza, unahisi kama linataka kuchomoka ukiupeleka mkono nyuma.
- Bado hujafika miaka 18, na bega linauma kila unaporusha. Hapa usingoje hata hizo wiki mbili.
- Kuna uvimbe mgumu unaokua, au unakonda bila sababu huku mfupa ukiuma usiku. Ni nadra sana, lakini mfupa wa kijana pia huweza kupata saratani au kifua kikuu, na haya hutibika vizuri zaidi yakiwahiwa.

MPIRA UENDELEE: huna kadi. Uchungu ulikuja baada ya zoezi geni, mkono unainuka hadi juu, usiku unalala, na kila siku ni afadhali kuliko jana. Punguza mazoezi siku mbili tatu, kisha rudi pole pole.

4. HUDUMA YA KWANZA UWANJANI

Uwanja wetu hauna ambulansi. Mara nyingi hauna hata sanduku la huduma ya kwanza lenye kitu ndani. Lakini tuna akili na tuna masweta.

Kwanza, mketishe aliyeumia na umwache aushike mkono wake jinsi anavyoona nafuu. Pili, mfunge mkono kifuani kwa leso, sweta au tai ya shule, usining'inie. Tatu, tazama vidole: vina joto? Anahisi ukivigusa? Anaweza kuvikunja? Nne, ikiwa kuna barafu, ifunge kwa kitambaa na uiweke begani dakika 15 hadi 20. Usiiweke juu ya ngozi tupu, kwa sababu barafu nayo huunguza. Tano, usimpe chakula wala soda kama bega limeteguka au limevunjika, maana huenda akahitaji dawa ya usingizi hospitalini. Sita, mpeleke. Ikiwa gari lipo, bodaboda iache, kwa kuwa kila shimo barabarani atalisikia begani.

Sasa yale ya kukataa. La kwanza ni kuvuta. Bega likiteguka hujitokeza daima bingwa mmoja kutoka kwa mashabiki anayesema ati ameona likirudishwa. Nilishuhudia mechi moja ya raga ambapo mabingwa wa aina hiyo walikuwa wawili, mmoja ameshika kifua cha mchezaji na mwingine anavuta mkono. Kijana alipofika hospitalini, vidole vyake viwili vilikuwa havihisi kitu, na picha ya eksirei ilionyesha kwamba mfupa nao ulikuwa na ufa. Hakuna aliyejua kama ufa ule ulifanywa na kuanguka au na kuvutwa. Ndiyo maana daktari hupiga picha kwanza: bega lililovunjika na lililoteguka hufanana machoni. Kando ya kiungo hicho hupita neva na mishipa mikubwa ya damu ya mkono mzima. Mvutaji hajui anavuta nini.

La pili ni kuchua kwa nguvu na kukanda kwa maji moto siku ileile ya kuumia. Joto huongeza uvimbe. Maji moto yana wakati wake, lakini si siku mbili za kwanza.

La tatu ni kumeza tembe za maumivu ili ucheze. Tembe ya kulala usiku ni kitu kimoja. Tembe ya kuinyamazisha kengele ili uendelee kuichoma nyumba ni kitu kingine. Aidha, baadhi ya tembe hizo zikimezwa ovyo bila chakula huumiza tumbo, na zikizidi huumiza figo.

5. KWA NINI TUNAFICHA?

Hapa ndipo kwenye kiini cha somo. Haya yote niliyoyaeleza, mengi tunaweza kufundishwa kwa saa moja. Lakini mchezaji anayejua bado huficha. Kwa nini?

Katika timu yetu ya voliboli kuna msichana mmoja ambaye sitamtaja jina, naye ameniruhusu nisimulie. Yeye ndiye aliyekuwa mpigaji wetu wa kutegemewa. Muhula wa pili alianza kuanzisha mpira kwa chini. Tulidhani ni maringo, au ni mbinu mpya. Kumbe mkono ulikuwa hauinuki. Alificha kwa wiki sita. Dada yake mdogo ndiye aliyekuwa akimchana nywele. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakusema, alitoa sababu tatu. Nimezitafakari sana.

Sababu ya kwanza: nambari yake. Aliogopa kwamba akikaa nje wiki mbili, jezi yake atapewa mwingine, na huyo mwingine hatairudisha.

Sababu ya pili: pesa. Mama yake anauza mboga. Hakutaka kumwambia habari ya hospitali wakati karo ya muhula ilikuwa haijakamilika.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonishangaza. Alisema, "Hata nikiacha kucheza, bega halitapumzika." Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Kocha anaweza kumwambia apumzike, lakini akifika nyumbani kuna mitungi minne ya maji ya kuteka. Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzani wa kilo 20. Minne ni kilo 80 kila jioni, na kisima ni cha kamba: unavuta kwa mikono miwili, bega moja likiwa linachomwa. Bado kuna kuni, bado kuna mfuko wa vitabu. Mwenzake wa shule ya bweni akiambiwa "pumzika" hupumzika. Yeye akiambiwa hivyo huacha mchezo anaoupenda na kubaki na kazi inayomuumiza.

Mwishowe mwalimu mmoja aligundua na kumpeleka kituo cha afya, akatumwa hospitali kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Ilikuwa kano. Aliambiwa asipige wala kubeba kwa wiki kumi na mbili, na akapewa mazoezi ya kufanya. Mashindano ya kaunti yalipita akiwa kando ya uwanja akituhesabia alama. Mtaalamu alimweleza kwamba angekuja wiki za kwanza, pengine wiki tatu au nne zingetosha. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kilichomponya si mazoezi pekee. Mwalimu alimwandikia mama yake barua fupi yenye mambo mawili: ugonjwa ni huu, na kazi hizi asizifanye hadi tarehe fulani. Mama alipoisoma hakugomba. Alisema hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kisima ni sehemu ya ugonjwa. Kaka mtu, ambaye hapo awali hakujua njia ya kisimani, aliijua.

Kwa hivyo ninalo ombi kwa kila upande.

Kwa walimu wa michezo: mchezaji akisema anaumwa, jezi yake itunzwe. Timu ikijua kwamba kusema ukweli hakumpotezei mtu nafasi, hakuna atakayeficha.

Kwa wazazi: mtoto akikuambia bega linauma, usiulize kwanza kama anakwepa kazi. Mwambie ainue mikono yote miwili juu. Mmoja ukibaki chini, umejibiwa. Na kuhusu pesa, anzieni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Tabibu wa hapo ataangalia na kuamua kama kuna haja ya kwenda mbele. Kano iliyowahiwa hutaka mazoezi na subira. Iliyochelewa hutaka safari nyingi, na kila safari ni nauli.

Kwa wachezaji wenzangu: kuacha kwa wakati si woga. Julius Yego ndiye aliyerusha mkuki mita 92.72 kule Beijing mwaka wa 2015 na kuwa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata, katika fainali ya Olimpiki ya Rio, aliumia kifundo cha mguu akaacha marusho yaliyobaki. Rusho lake la kwanza, la mita 88.24, lilimpa medali ya fedha. Ikiwa bingwa wa dunia anaweza kuacha katikati ya Olimpiki, sembuse mimi na wewe katika mechi ya kirafiki ya Ijumaa?

6. KINGA

Wanaosema kinga ni bora kuliko tiba hawakusema bure. Haya tunaweza kuyafanya bila senti.

Pasha mwili moto dakika kumi kabla ya kupiga smashi ya kwanza. Zungusha mikono, rusha mpira taratibu, kisha ongeza kasi.

Ongeza mazoezi kidogo kidogo. Mtu hatoki likizoni leo akapiga smashi mia moja kesho. Pumzika angalau siku moja hadi mbili kwa wiki bila kurusha.

Imarisha ile misuli minne midogo. Tafuta kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, ukifunge kwenye mlingoti. Simama ubavu kwa mlingoti, kiwiko kimekunjwa na kubana ubavuni, kisha vuta tyubu kuelekea nje polepole na uirudishe polepole. Fanya mara 10 hadi 15, upumzike, urudie mara tatu. Badilisha upande. Zoezi likiuma, acha. Halikusudiwi kuuma.

Rudisha makombe nyuma. Sisi huinamia vitabu mchana kutwa hadi mabega yanaanguka mbele. Kila baada ya kipindi kaa wima, bana makombe mawili kana kwamba unataka kushika penseli katikati yake, hesabu hadi tano, achilia.

Beba kwa busara. Mfuko wa vitabu uning'inie mabega yote mawili. Maji yabebwe nusu mtungi mara nyingi badala ya mtungi kamili mara chache, au kwa mkokoteni ikiwa upo.

Tumia mwili mzima. Nguvu ya kurusha hutoka miguuni, ikapita kiunoni na mgongoni, ndipo ifike begani. Anayerusha kwa mkono peke yake analitoza bega deni la mwili wote.

7. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini bega huteguka kwa urahisi kuliko nyonga? Tumia mfano wa limau na wa kinu.
2. Mchezaji amepigwa goti la tumbo. Anasema tumbo ni sawa ila bega la kushoto linauma. Utamshauri nini, na kwa nini?
3. Otieno alianza mazoezi Jumatatu baada ya likizo. Jumanne mabega yote mawili ni mazito lakini anainua mikono hadi juu. Ameonyeshwa kadi gani?
4. Halima ana miaka 15. Bega lake huuma kila anaporusha mkuki, likatulia akiacha. Je, angoje wiki mbili?
5. Andika barua fupi kwa mzazi ukimweleza kazi ambazo mtoto mwenye kano iliyoumia hapaswi kufanya nyumbani.

Swali la tano lijibuni kwa kalamu na karatasi kweli kweli, kwani siku moja huenda mwenzenu akaihitaji barua hiyo. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Alamsiki.